Yamekauka kweli? Njia za kupima mahindi Molo, bei zake, na ipi ya kununua

Mahindi ya Molo huchelewa. Wakati wenzetu wa maeneo ya chini wameshauza na kulipa karo, huku juu, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, mbegu za nyanda za juu kama H614 na H6213 bado zimesimama shambani kwa sababu baridi huzikuza polepole. Yakija kuvunwa, ukungu wa asubuhi bado upo na jua lenyewe ni la saa chache. Kuanzia Turi hadi Mau Summit swali huwa moja: yamekauka?

Jibu la swali hilo lina bei. Unaweza kulipata bure kwa meno yako, au kwa chumvi ya shilingi chache, au kwa kidude cha chini ya shilingi elfu mbili, au kwa mita ya makumi ya maelfu. Na katika vyuo vikuu vya ng'ambo kuna mashine inayolijibu kwa undani kuliko zote, ambayo ikiwa ya kiwango cha utafiti hugharimu mamia ya maelfu ya dola. Nitazilinganisha zote. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: mkulima wa Molo hupoteza pesa baada ya mavuno kwa kutojua hali ya mahindi yake, kabla hata hajaanza kuzipoteza kwa mfuko mbovu au dawa hafifu. Na kifaa kinachostahili bei yake kuliko vyote si kile wanunuzi wa mahindi wanachotembea nacho.

Ili sababu ieleweke, tuanze na ile mashine ya ghali, ingawa hakuna mtu wa Molo atakayeinunua.

Maji yasiyoonekana

Punje ya mahindi iliyokauka kwa kiwango kinachokubalika sokoni, yaani asilimia 13.5, bado ina maji. Gunia la kilo 90 lina zaidi ya kilo 12 za maji. Huyaoni, na hata ukiisaga punje hayachuruziki, kwa kuwa yamejishikiza kwenye wanga na protini. Wanga ni polima, mnyororo mrefu wa sukari zilizoungana. Protini nayo ni mnyororo, wa asidi amino. Ikiwa na maji ya kutosha, minyororo hii hujipinda, huteleza na kujigeuza. Maji yakipungua hubanana, hadi punje nzima inapoingia katika kile wanasayansi wanachokiita hali ya kioo: imekuwa ngumu, na ndani yake karibu kila kitu kimesimama.

Uharibifu wa nafaka unategemea mwendo huo. Kuvu wanahitaji maji yaliyo huru. Vimeng'enya vinavyochachisha mafuta ya kiini vinahitaji nafasi ya kujigeuza. Kiini cha mbegu huzeeka kwa kadiri molekuli zilizomo zinavyoweza kusogea na kukutana.

Mwendo wa kitu kidogo namna hiyo, ndani ya punje kavu, unapimwaje? Hapo ndipo zinapoingia probu za spini. Hizi ni molekuli ndogo, mojawapo maarufu ikiitwa TEMPO, ambazo kila moja ina elektroni isiyo na mwenzake. Elektroni hiyo hufanya kazi kama sumaku ndogo mno. Probu ikishaingizwa ndani ya tishu, tishu huwekwa katikati ya sumaku kubwa na kupigwa mawimbi ya maikrowevu, kwa kawaida ya takriban gigahezi 9.5. Sumaku ikifika nguvu fulani, elektroni hunyonya mawimbi hayo, na mashine huchora mistari mitatu. Mitatu, kwa sababu elektroni inakaa jirani na kiini cha nitrojeni, nacho kina mielekeo mitatu ndani ya sumaku.

Umbo la mistari hiyo ndilo linalosema. Probu ikizunguka kwa uhuru, mistari hutoka myembamba. Ikibanwa, mistari hupanuka na ile ya pembeni husogea mbali zaidi. Ni kama abiria ndani ya matatu: gari likiwa tupu anageuka atakavyo, likijaa hata shingo haigeuki. Ukimtazama yeye mmoja unajua gari limejaa kiasi gani, bila kuwahesabu wengine.

Upimaji wa aina hii ulianzia Kazan, Urusi, mwaka 1944, kwa mikono ya Yevgeny Zavoisky. Mwaka 1965 Harden McConnell wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akafungua njia ya kuzitumia molekuli hizi kama wapelelezi ndani ya protini. Lakini kazi inayotuhusu sisi tunaohifadhi nafaka ilifanyika Wageningen, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Julia Buitink, Folkert Hoekstra, Marcus Hemminga na wenzao waliingiza probu ndani ya viini vya mbegu za njegere, zile zile minji zinazolimwa Molo na Njoro, na ndani ya chavua ya mmea wa kinamasi uitwao Typha. Mwaka 1998 walieleza kwamba ndani ya tishu iliyofikia hali ya kioo, probu huchukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde kujigeuza. Utaona huo ni mwendo wa kasi, lakini katika maji ya kawaida molekuli ya aina hiyo hujigeuza kwa muda usiofika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kukausha kulikuwa kumepunguza mwendo zaidi ya mara milioni.

Walipata mambo mengine mawili ambayo mkulima angefaa kuyajua. La kwanza, mwendo wa probu na maisha ya mbegu ghalani vilikwenda kinyume: pale mwendo ulipokuwa mdogo, mbegu ilidumu. La pili lilikuwa la kushangaza. Ukizidi kukausha kupita kiwango fulani, mwendo hauendelei kupungua bali huanza kupanda tena, na kiwango cha ukavu chenye mwendo mdogo kabisa ndicho kile kile ambacho mbegu hudumu zaidi. Kwa hiyo kukausha kuna kikomo chake, na anayeamini kwamba kavu zaidi ni bora daima amekosea.

Kuna ushahidi mwingine kutoka upande wa protini. John Rupley wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake waliichukua laisozimu, kimeng'enya kilichomo katika ute wa yai, wakaikausha kabisa kisha wakairudishia maji kidogo kidogo. Kazi yake ilianza kuonekana maji yalipofika karibu gramu 0.2 kwa kila gramu ya protini. Mahindi si laisozimu, ila hesabu inafaa kuangaliwa: mahindi ya asilimia 13.5 yana gramu 0.156 za maji kwa kila gramu ya kitu kikavu, na yale ya asilimia 18 yana gramu 0.22. Kati ya gunia linalokaa na gunia linalooza kuna tofauti ndogo kiasi hicho.

Nimekaa sana kwenye maabara kwa sababu hapa ndipo tunapopata kipimo cha kulinganishia bidhaa zote zinazofuata. Kiasi cha maji ni nusu ya habari. Nusu nyingine, na ndiyo nzito zaidi, ni uhuru wa maji hayo. Kila unachonunua kupima ukavu kinajibu swali moja kati ya mawili: maji ni mangapi, au maji yako huru kiasi gani?

Meno na chumvi

Meno ni bure. Unauma punje, ikikatika kwa mlio mkali unasema yamekauka. Kitu unachokisikia ni ugumu, na ugumu ni kweli unatokana na minyororo ya wanga kubanana. Shida ni kwamba punje huanza kulia vile mapema mno. Kati ya asilimia 16 na asilimia 14 sikio halitofautishi, na humo humo ndimo hasara ya Molo inapojificha. Tumia meno kuamua kama yafaa kupukuchuliwa. Usiyatumie kuamua kama yafaa kutiwa ghalani.

Chumvi ni nafuu na inafundisha. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu ya jikoni, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi. Ikishuka yote chini, yako chini ya takriban asilimia 15.

Siri ya chumvi ni kwamba huanza kunyonya maji ya hewa pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75. Hewa iliyofungiwa pamoja na mahindi ya asilimia 15 au zaidi hufika hapo. Chumvi basi inajibu swali sahihi, la uhuru wa maji, ila inajibu kwa ndiyo au hapana, na mpaka wake uko juu. Mahindi ya asilimia 14.7 yatafaulu mtihani wa chumvi, yatakataliwa kwenye bohari, na yatafanya uvundo ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Kwa gharama ya pakiti moja ya chumvi ni kipimo kizuri cha kuanzia. Usikifanye cha mwisho.

Haigromita: ndicho ninachokipendekeza

Haigromita ndogo ya dijitali, ile inayoonyesha joto na unyevu wa hewa kwenye kioo kimoja, hupatikana kwa kati ya shilingi 500 na 1,500 hivi, kutegemea duka. Wengi hununua ya kutundika kwenye kibanda cha vifaranga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha mwaka 2017 kwamba kidude hicho kikifungiwa pamoja na mahindi kinatosha kabisa kuamua kama mahindi hayo yafaa kuhifadhiwa.

Hivi ndivyo inavyofanywa. Tafuta mtungi wa kioo au wa plastiki ngumu wenye kifuniko kinachobana, kama ule wa siagi ya karanga. Chota mahindi sehemu mbalimbali za gunia, juu, katikati na chini, maana juu hukauka upesi na katikati huficha ubichi. Yaache yapoe kwanza kivulini kama yametoka juani. Jaza mtungi karibu robo tatu, laza haigromita juu ya punje ili uweze kuisoma kutoka nje, funga, uache mahali pasipo jua hadi kesho yake. Asubuhi soma nambari.

Ikisoma chini ya 65, yaani asilimia 65 za unyevu wa hewa, kuvu hawana maji ya kuishi. Kwa baridi ya Molo nashauri ulenge 60 ikiwa utauza kwa kipimo cha 13.5, kwa kuwa hewa yenye unyevu ule ule huacha maji mengi zaidi ndani ya punje penye baridi kuliko penye joto. Ikisoma 70, anika tena. Ikisoma 80, anika leo leo.

Swali la haki: je, kidude cha shilingi 800 kinaaminika? Kikitoka dukani, hapana. Lakini unaweza kukikagua mwenyewe, na hapa chumvi inarudi kazini. Weka kijiko cha chumvi kwenye kifuniko cha soda, idondoshee matone machache ya maji iwe kama uji mzito, iweke ndani ya mtungi ule ule pamoja na haigromita bila mahindi, funga, uache usiku kucha. Lazima isome 75. Ikisoma 71, jua kwamba inapunguza 4, na kila mara ongeza 4 kwenye usomaji wako. Rudia kila msimu. Sijaona kifaa kingine cha shambani ambacho mwenye nacho anaweza kukisahihisha kwa chumvi ya jikoni.

Faida yake ya pili haisemwi vya kutosha. Mpaka wa 65 haujali zao. Mahindi, ngano, maharagwe, minji, hata maua ya pareto yaliyoanikwa kabla ya kwenda kuuzwa: kila kimoja kina kiasi chake cha maji kwenye unyevu huo, lakini kuvu huangalia uhuru wa maji, hawaangalii jina la zao. Kidude kimoja kinahudumia ghala zima.

Nisiipe sifa isiyo yake. Haigromita haipimi kile kinachopimwa na probu ya spini. Inapima utayari wa maji kutoka ndani ya punje, ilhali probu inapima mwendo wa molekuli humo ndani. Mambo haya mawili huenda pamoja, lakini joto huyatenganisha: gunia lenye usomaji wa 60 mjini Mombasa lina mwendo mkubwa ndani yake kuliko gunia lenye usomaji huo huo Molo. Kwa mahindi ya kula tofauti hiyo si kubwa ya kukusumbua. Kwa mbegu ni kubwa, na nitaifikia.

Mita ya umeme, na maabara

Mita ya unyevu ndiyo anayotembea nayo mnunuzi. Unatia punje, unabonyeza, unapata nambari mara moja. Zile za kuaminika zinauzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Zipo za bei ya chini, na baadhi yake ni za kupimia mbao zilizobadilishwa lebo, hizo ziache dukani. Mita nyingi hupima jinsi nafaka inavyopitisha au kuhifadhi umeme, kisha hugeuza hilo kuwa asilimia ya maji kwa jedwali lililowekwa kiwandani. Ndiyo maana inabidi uchague zao kabla ya kupima, ndiyo maana mahindi yenye joto la jua husomeka vibaya, na ndiyo maana mita mbili hutofautiana kwa asilimia moja juu ya gunia moja.

Kwa mkulima wa ekari mbili, kuinunua peke yake ni hasara. Kwa chama cha akiba au kikundi cha watu 20 wanaouza pamoja, ni ununuzi wa maana, kwa sababu pale kwenye lori neno la mnunuzi hujibiwa kwa nambari nyingine. Kasi yake haina mpinzani: haigromita inataka usiku mzima, lori halingoji.

Kipimo kinachozihukumu mita zote ni tanuri. Kwa kanuni za upimaji wa mbegu, mahindi husagwa na kukaushwa kwa nyuzi 130 kwa saa 4, yakipimwa uzito kabla na baada. Maabara ya mbegu ya KEPHIS iko Nakuru, na Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, jirani yetu. Ukiuza mbegu, au ukiwa na ugomvi mkubwa na mnunuzi, hapo ndipo pa kwenda. Kwa magunia manane ya nyumbani, nauli tu itazidi thamani ya jibu.

Hesabu ya gunia moja

Chukua kilo 90 za mahindi ya asilimia 18. Kitu kikavu humo ni kilo 73.8. Ukiyashusha hadi 13.5, yatabaki kilo 85.3. Tuseme kilo inakwenda kwa shilingi 40: umeacha shilingi 188 za maji ziende hewani. Hiyo ni gharama ya kuingia sokoni, kila mtu huilipa.

Sasa tuseme huna kipimo, unaogopa kukataliwa, unaanika siku mbili zaidi hadi asilimia 12. Gunia limeshuka hadi kilo 83.9. Umetupa shilingi 58 nyingine ambazo hakuna mnunuzi atakayekurudishia. Kwa magunia 30 ni shilingi 1,740, zaidi ya bei ya haigromita. Na aliyekosea upande wa pili, akapakia yakiwa asilimia 15, hupoteza nauli ya kwenda na kurudi na ada ya kukaushiwa. Mashine za kukaushia zinazohamishika, ambazo bodi ya nafaka ya NCPB na kaunti kadhaa wanazo siku hizi, ni msaada mkubwa msimu wa mvua, lakini jua kwanza unataka kushuka asilimia ngapi. Ukifika pale ukiwa na 14 tayari, siku moja ya turubai ingekutosha.

Turubai, kwa njia, ni lazima. Mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo wa Molo hunyonya kutoka chini kile ambacho jua linatoa juu.

Mfuko upi?

Gunia la kawaida la nyuzi za plastiki hugharimu kama shilingi 50 au zaidi kidogo. Mfuko usiopitisha hewa wa kilo 90, kama ule wa PICS, hugharimu karibu mara tano au sita ya hapo, shilingi 250 hadi 350 kwa bei ambazo zimekuwa zikitajwa madukani. PICS ulibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Cameroon, kwa ajili ya kunde, na watafiti wa Purdue na wenzao wa huko. Una mifuko miwili ya politheni ndani ya gunia moja. Wadudu hutumia oksijeni iliyofungiwa nao, inapungua, wanaacha kula na hatimaye wanakufa. Ukitunzwa bila kutobolewa hutumika zaidi ya msimu mmoja, kwa hiyo gawanya bei yake kabla ya kuilinganisha na ya gunia na dawa ya unga.

Hoja inayouza mfuko huu nchini ni dumuzi na fukusi. Kwa Molo mimi naona hoja hiyo ni ya pili. Fukusi huzaliana kwa shida penye joto la chini ya nyuzi 15, na usiku wa Molo hushuka chini ya hapo. Hasara yetu kubwa huja Juni hadi Agosti, mvua na ukungu unapotanda, pale mahindi yaliyotiwa ghalani yakiwa 13 yananyonya unyevu wa hewa kupitia nyuzi za gunia na kurudi 15. Hakuna aliyeyamwagia maji, na bado yameloa. Politheni huzuia mvuke huo. Kwa hiyo ukinunua mfuko wa shilingi 300 Molo, unanunua zaidi koti la mvua la mahindi kuliko sumu ya wadudu, na hilo linatosha kuhalalisha bei kwa yale utakayoyala kuanzia Mei.

Aina nyingine za vifungashio huwa na tabaka jembamba la polima inayozuia oksijeni vizuri zaidi, kama EVOH. Polima hiyo ina udhaifu wake: ikipata unyevu, maji huilegeza minyororo yake na oksijeni huanza kupenya, ndiyo maana viwandani huifunika kwa politheni pande zote mbili. Jambo lile lile linalotokea ndani ya punje hutokea ndani ya mfuko. Ukiona mfuko umechubuka hadi tabaka la ndani, usiuamini.

Onyo moja nalisema kwa uzito. Usitie mahindi mabichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Maji yatakayotoka hayana njia, yatatua juu kama umande na kuchachisha gunia zima. Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Kuvu wa Aspergillus flavus hupenda joto, na baridi yetu hutupunguzia hatari hiyo. Lakini kuvu wa Fusarium hawaogopi baridi, nao pia huacha sumu kwenye mahindi yanayooza kwenye bua, na hakuna mfuko wala kukausha kunakoiondoa sumu iliyokwisha kuingia. Chambua punje zilizooza kabla ya kupima chochote.

Ya kula, au ya mbegu?

Muuzaji mzuri wa agroveti huuliza: "Mama, unaweka ya kula au ya kupanda?" Ni swali la pesa. Kwanza, usihifadhi H614 wala mahindi chotara yoyote kwa kupanda tena, kwa sababu kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza. Mbegu za kuhifadhi ni za maharagwe, minji, mboga za kienyeji na mahindi ya asili.

Kwa hizo, kanuni ya James Harrington bado ndiyo mwongozo wa haraka: kati ya asilimia 14 na 5 za maji, kila asilimia moja unayopunguza huongeza maisha ya mbegu maradufu, na kila nyuzi 5 za joto unazopunguza hufanya vivyo hivyo. Kutoka 14 hadi 12 ni mara nne. Molo iko juu ya mji wa Nakuru kwa kama mita 600, na hewa yake ni baridi zaidi kwa takriban nyuzi 4. Bila kulipa chochote, mbegu yako inakaribia kudumu mara mbili ya ile ya binamu yako wa mjini, mradi iwe kavu sawasawa. Watafiti wa Wageningen walitupa sababu ya kanuni hiyo: ubaridi na ukavu vyote hupunguza mwendo ule ule.

Lenga usomaji wa 40 hadi 50 kwenye haigromita. Jua la Januari na Februari laweza kukufikisha hapo, au mtungi wenye silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, ambazo hukaushwa na kutumika tena. Usijaribu kushindana na benki ya jeni ya taifa ya KALRO kule Muguga. Benki za aina hiyo hukausha mbegu kwenye chumba cha unyevu mdogo sana na kuzigandisha karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri, ili zidumu miongo. Wewe unataka misimu miwili au mitatu. Ukitaka kujifunza kwa vitendo, Seed Savers Network iko Gilgil, humu humu kaunti ya Nakuru, na hifadhi ya mbegu za jamii ndiyo kazi yake.

Ningenunua nini kwa shilingi 3,000 za kwanza? Haigromita kabla ya kitu kingine chochote, na mtungi ninao. Kisha turubai la wastani. Zitakazobaki, mifuko ya PICS kwa yale tu yatakayoliwa baada ya Aprili, na mengine yakae kwenye magunia ya kawaida juu ya mbao, mbali na ukuta. Dawa ya unga ingesubiri hadi nione mdudu. Mita ya umeme ningelipia kupitia kikundi, na tanuri ya maabara ningeiacha kwa wauzaji wa mbegu.

Kwa hiyo, kabla hujaagiza mfuko hata mmoja msimu huu, funga mahindi yako mtungini usiku mmoja. Yakisoma zaidi ya 65 asubuhi, acha mifuko dukani, urudi kwenye turubai.